Soma Namba, Usisikilize Mlio: Kupima Diodi na LED kwa Mita ya Kawaida

Katika karakana nyingi za mafundi redio upimaji ni wa aina moja. Mita inawekwa kwenye alama ya mlio, ncha zinagusishwa huku na huku; ikilia, kifaa kimeshoti, ikinyamaza, kifaa kizima. Kwa waya au fyuzi mlio unatosha, ingawa hapo kulia ndiko uzima. Kwa diodi haitoshi, kwa sababu diodi iliyokatika nayo inanyamaza, diodi inayovuja inanyamaza, na LED (diodi inayotoa mwanga) nyeupe iliyo nzima kabisa inanyamaza pia. Mita hiyohiyo, hata ile ya bei ya chini ya aina ya DT830, ina sehemu yenye mchoro wa diodi ambayo inatoa namba. Ukiijua namba hiyo utatambua diodi nzima na mbovu, na mara nyingi utajua hata ni ya aina gani, ijapokuwa maandishi yake yamefutika.

Kufuata mwongozo huu unahitaji mita, bodi mbovu ya chaja au redio, LED mbili tatu za rangi tofauti, betri ya volti 9, rizista ya kilo-omu 1 na, ukiipata, betri bapa ya CR2032 kutoka kwenye bodi ya kompyuta ya zamani.

Diodi inafanya nini

Diodi inapitisha umeme upande mmoja na kuuzuia upande wa pili, kama valvu ya tairi la baiskeli inavyoruhusu upepo uingie na kuukataza kutoka. Na kama valvu isivyofunguka mpaka pampu isukume kwa nguvu ya kutosha, diodi nayo haifunguki mpaka isukumwe na volti kiasi fulani. Kwa diodi ya silikoni ni takribani volti 0.6. Kwa LED nyekundu ni karibu 1.8, kwa LED nyeupe karibu 3. Tuiite volti ya kufungulia. Hiyo ndiyo namba inayosomwa na mita.

Mguu wa kuingilia umeme ni anodi, upande chanya. Wa kutokea ni kathodi, upande hasi. Kwenye mwili wa diodi, kathodi inaonyeshwa na pete: ya rangi ya fedha kwenye mwili mweusi wa 1N4007, nyeusi kwenye kioo cha 1N4148. Diodi bapa zinazobandikwa juu ya bodi zina mstari upande mmoja. Ile iliyoandikwa M7 ni 1N4007 iliyovaa umbo jingine, na SS14 au SS34 ni za aina ya Schottky, yaani diodi zinazofunguka kwa volti ndogo kuliko za kawaida. Kwenye mchoro wa saketi, pembetatu inaelekeza njia ya mkondo na mstari ulio mbele yake ni kathodi.

LED mpya ina mguu mrefu ambao ni anodi. Miguu ikishakatwa, papasa ukingo wa plastiki: upande uliochongwa bapa ni wa kathodi. Kuna wanaochungulia ndani na kusema kipande kikubwa cha chuma ni kathodi. Mara nyingi ni kweli, lakini zipo LED zilizotengenezwa kinyume, kwa hiyo mita ndiyo iwe na neno la mwisho.

Kuandaa mita

Chomeka waya mweusi kwenye tundu la COM na mwekundu kwenye tundu lenye alama za V, Ω na mA. Usiuchomeke kwenye tundu la 10A, maana huko diodi haipimwi. Zungusha swichi mpaka kwenye mchoro wa diodi. Baadhi ya mita zimeweka diodi na mlio mahali pamoja. Usishtuke ikilia, wewe angalia kioo.

Kabla ya kugusa kitu chochote, kioo kinapaswa kuonyesha 1 peke yake upande wa kushoto kabisa, au herufi OL kwenye mita za aina nyingine. Maana yake ni kwamba hakuna kinachopita, au kinachopimwa kimezidi uwezo wa kipimo. Sasa gusisha ncha mbili: iwe sifuri, au namba ndogo ya tarakimu moja au mbili. Isipokuwa hivyo, waya umekatika ndani, na kwa mita hizi za bei nafuu hukatika pale karibu na mshikio. Zichezeshe nyaya huku umezigusisha. Namba ikirukaruka, nunua nyaya nyingine kabla hujaanza kuhukumu vifaa vya watu. Angalia pia alama ya betri kwenye kioo. Betri ya mita ikichoka, vipimo vyote vinaanza kudanganya.

Ukiona 562 ni milivolti 562, yaani volti 0.562. Mita nyingine zinaandika 0.562 moja kwa moja.

Neno kwa wanaotumia mita ya mshale, zile za aina ya YX-360 ambazo bado zimejaa mezani kwa mafundi wa zamani. Kwenye kipimo cha omu, waya mweusi ndio unaotoa chanya ya betri ya ndani, na mwekundu ni hasi. Ukipima diodi nayo, mshale utapanda pale mweusi unapokuwa kwenye anodi. Fundi aliyezoea mita ya namba akiazima ya mshale bila kulijua hilo, atafunga diodi kinyume huku akiapa kwamba ameipima.

Kupima diodi ya kawaida

Anza na 1N4007 iliyo nje ya bodi. Karibu kila chaja ya zamani inayo moja au nne.

1. Weka ncha nyekundu kwenye anodi na nyeusi kwenye kathodi, upande wenye pete. Soma namba. Diodi nzima itatoa kati ya 500 na 650, mara nyingi karibu na 580.

2. Badilisha ncha: nyekundu upande wa pete, nyeusi upande mwingine. Kioo kibaki na 1 ya kushoto au OL.

3. Zote mbili zikiwa hivyo, ni nzima kwa kadiri mita inavyoweza kuona.

Namba ikiwa sifuri au karibu na sifuri pande zote mbili, imeshoti. Ikiwa 1 ya kushoto pande zote mbili, imekatika. Hizo ni rahisi. Ngumu ni ya tatu: upande wa kwanza inasoma vizuri, upande wa kinyume inasoma namba kubwa, tuseme 1200 au 1700, badala ya kukaa kimya. Hiyo inavuja. Mlio hauwezi kukuambia habari zake, na ndiyo inayofanya kifaa kipate moto au kivume bila sababu inayoonekana. Itupe.

Huenda ulifundishwa kuwa silikoni ni volti 0.7, ukajiuliza mbona mita inasoma 0.58. Mita inasukuma mkondo wa takribani miliampia 1 tu. Volti ya kufungulia hupanda kadiri mkondo unavyoongezeka. 1N4007 ikipitisha ampia 1 nzima, volti hiyo inakaribia 1. Kwa hiyo inakula karibu wati 1 na kugeuza yote kuwa joto, ndiyo maana diodi zinazofanya kazi nzito huinuliwa juu ya bodi zisiiunguze.

Joto nalo linabadilisha namba. Kwa silikoni volti inashuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Diodi uliyoitoa kwenye bodi sasa hivi, bado ina moto wa pasi ya kulehemu, inaweza kusoma 480 kisha ikapanda polepole hadi 570 inapopoa. Haina ugonjwa. Isubiri.

Namba zinavyotambulisha aina

Diodi nene kama 1N5408 ya ampia 3 husoma chini kidogo ya 1N4007, yaani 450 hadi 550. Ile ndogo ya kioo, 1N4148, husoma karibu na 600 au zaidi kidogo. Schottky, kama 1N5819 au zile za miguu mitatu mfano MBR20100, husoma 150 hadi 350. Za jerimani, ambazo utazikuta kwenye redio za kale, ziko karibu na 200 hadi 300. LED ya rimoti husoma 1000 hadi 1200, LED nyekundu 1600 hadi 1900.

Faida yake ni hii: umekuta diodi nyeusi yenye pete kwenye upande wa volti 5 wa chaja, maandishi yameungua, na mwenzake mzima aliye pembeni anasoma 190. Hiyo ni Schottky. Ukiweka 1N4007 mahali pake itawaka dakika chache kisha itachemka, na chaja itarudi mezani kwako.

Hizo za miguu mitatu zina diodi mbili ndani, na mguu wa kati kwa kawaida ni kathodi ya zote mbili. Weka ncha nyeusi katikati, nyekundu mguu wa kushoto, soma. Kisha wa kulia, soma. Namba ziwe karibu sawa. Zikitofautiana sana, moja imeanza kuharibika.

Kupima ikiwa ndani ya bodi

Zima kifaa, kichomoe ukutani, na usiamini kwamba umeme umeisha. Kapasita kubwa ya chaja au ya televisheni inayotumia umeme wa volti 230 au 240 hubeba takribani volti 325 hadi 340, na inaweza kuzishikilia muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa. Imwage kwa rizista ya kilo-omu 10 ya wati 5 uliyoishika kwa koleo yenye mpira, halafu hakikisha kwa kipimo cha volti kwamba imeshuka. Bisibisi inafanya kazi hiyohiyo kwa kishindo na cheche, na mara nyingine inaondoka na njia za bodi. Siipendi.

Kisha pima kama kawaida. Upande mmoja ukisoma 500 na kitu na mwingine ukanyamaza au ukapanda taratibu, iachie hapo, ni nzima. Ukisoma karibu sifuri pande zote mbili, usiikate bado, kwa maana sambamba na diodi inaweza kukaa nyuzi za transfoma, na nyuzi hizo kwa mita ni sawa na waya mtupu. Nyanyua mguu mmoja wa diodi kutoka kwenye bodi, upime tena. Mguu mmoja unatosha, huna haja ya kuitoa yote.

Daraja la diodi nne

Kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa mkondo mnyoofu (DC) ni daraja la diodi nne, aidha zimepangwa moja moja au zimefungwa pamoja kwenye kifaa kimoja cha miguu minne chenye alama ~, ~, + na −. Weka nyekundu kwenye − na nyeusi kwenye kila ~ kwa zamu: mara mbili usome karibu 500. Weka nyeusi kwenye + na nyekundu kwenye kila ~: mara mbili tena karibu 500. Nyekundu kwenye − na nyeusi kwenye + itoe kama 1000, kwa kuwa hapo unapita diodi mbili kwa mfululizo. Kati ya ~ na ~ pasisome kitu upande wowote.

Fyuzi ikiwa imeungua hadi kioo chake kimekuwa cheusi, daraja ndilo la kushukiwa mwanzo, pamoja na transista kubwa au mosfeti (aina ya transista inayokata na kuwasha umeme) iliyo mbele yake. Pima vyote viwili kabla ya kubadilisha kimojawapo. Daraja jipya mbele ya mosfeti iliyoshoti halimalizi sekunde moja.

Zena

Zena inachanganya watu kwa sababu kwenye mita inaonekana kama diodi ya kawaida: karibu 700 upande mmoja, kimya upande mwingine. Kazi yake, hata hivyo, iko upande ule wa kimya. Ikifika volti iliyopangiwa, inafunguka kinyume na kushikilia hapo. Ndiyo maana kwenye bodi utaikuta pete yake imeelekea chanya, na si kosa la aliyeifunga.

Mita haina volti za kutosha kuifungua, kwa hiyo tumia chanzo kilicho juu ya volti yake. Kwa zena ya 5.1, kama 1N4733, chukua betri ya volti 9. Chanya ya betri iingie kwenye rizista ya kilo-omu 1, upande wa pili wa rizista uingie kwenye mguu wenye pete, na mguu mwingine urudi kwenye hasi. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu, kipimo cha 20, na upime kwenye miguu miwili ya zena. Isome karibu na 5, pengine pungufu kidogo, maana mkondo wetu hapa ni mdogo. Ikisoma 0.7 umeigeuza. Ikisoma 9 imekatika, ikisoma sifuri imeshoti. Kwa zena ya volti 12, kama 1N4742, chaja ya kompyuta ya volti 19 na rizista ileile inatosha.

LED

Fuata hatua zilezile: nyekundu kwenye anodi, nyeusi kwenye kathodi. LED nyekundu itawaka kwa unyonge na kioo kitaonyesha kama 1750. Kijani cha zamani, kile chenye rangi ya majani mabichi, kitasoma 1900 hivi.

Ukifika kwenye bluu na nyeupe, mita inaanza kuonekana kama imeharibika. LED inawaka kidogo, tena kwa kuonekana tu kivulini, lakini kioo kinasema 1 ya kushoto kana kwamba hakuna kitu. Mita ya aina ya DT830 inatoa takribani volti 2.8, nayo haiwezi kuandika zaidi ya 1999. LED nyeupe inahitaji zaidi ya 2500 ndipo ifunguke. Kwa hiyo volti zilizopo zinatosha kuiamsha, ila namba haienei kwenye kioo. Hapa jicho lako ndilo kipimo: zima taa ya meza, finika kwa kiganja, tazama. Mita nyingine haina nguvu hata ya kuiamsha, na hapo usiseme LED imekufa kabla hujaijaribu kwa betri.

Nyeupe na bluu zinafanana volti kwa sababu LED nyeupe ya kawaida ni ya bluu iliyopakwa unga wa njano. Bluu na njano zikichanganyika jicho linaona nyeupe. LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilipatikana mwaka 1962 kwa kazi ya Nick Holonyak, lakini bluu yenye mwanga wa kutosha ilichelewa hadi miaka ya 1990, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuipata. Bila bluu hiyo kusingekuwa na tochi wala balbu hizi za leo.

Kwa jaribio la haraka sokoni, betri bapa ya CR2032 ni bora kuliko mita. Ibane katikati ya miguu miwili ya LED, mguu mrefu upande wa chanya. Betri hiyo ni ya volti 3 na haina uwezo wa kutoa mkondo mkubwa, kwa hiyo haitaiunguza kwa jaribio fupi. Isiwake, igeuze. Betri ya volti 9 usiiguse moja kwa moja kamwe. Pitishia rizista ya kilo-omu 1, utapata miliampia 6 au 7, salama kwa LED yoyote ya kawaida. Usiiache kinyume kwa muda, maana LED nyingi huvumilia kinyume kama volti 5 tu.

LED ya rimoti haionekani kwa macho. Pima isome 1000 hadi 1200, kisha irudishe kwenye rimoti, bonyeza kitufe na uitazame kupitia kamera ya simu. Itaonekana kama nukta ya zambarau. Tumia kamera ya mbele ikiwa ya nyuma haionyeshi, kwani nyingi za nyuma zina kichujio kinachozuia mwanga huo.

Balbu za LED za nyumbani

Chomoa balbu kwenye holda kwanza. Hili nalisema kwa mkazo: katika balbu nyingi za bei nafuu hakuna kitu kinachotenganisha LED na umeme wa ukutani, hivyo ikiwa imewashwa, kila sehemu unayoiona kwenye sahani ile ya alumini ina uwezo wa kukurusha.

Ng'oa kifuniko cheupe. Utaona vipande vya njano vimepangwa duara. Vyote viko kwa mfululizo, au kwa makundi ya mfululizo, kwa hiyo kimoja kikikatika vyote vinazima. Kitafute chenye nukta nyeusi katikati. Kisipokuwepo ndipo unapima, na hapa wengi hukwama: mita inanyamaza kwenye kila kipande, fundi anasema vyote vimekufa, anatupa balbu nzima. Ukweli ni kwamba kipande kimoja cha njano kinaweza kuwa na LED kadhaa ndani, kikahitaji volti 6, 9, 18 au hata zaidi. Volti 2.8 za mita haziwezi kukigusa.

Unganisha betri tatu za volti 9 kwa mfululizo upate 27, weka rizista ya kilo-omu 2.2 ya nusu wati kwenye waya wa chanya, na gusa miguu ya kila kipande kwa sekunde moja. Kipande cha volti 3 kitapata takribani miliampia 11, cha 9 kitapata 8, cha 18 kitapata 4. Vyote vitawaka bila kuungua, na kilichokufa kitajulikana papo hapo. Kwa taa za nyuma za televisheni njia ni hiyohiyo, isipokuwa mstari mzima unahitaji volti nyingi zaidi, hivyo pima kipande kimoja kimoja.

Kuunganisha kwa risasi juu ya kipande kilichokufa ni dawa ya mitaani. Kwenye balbu yenye vipande ishirini na zaidi naikubali. Kwenye yenye vipande sita au nane, volti zilizokuwa za yule aliyekufa zinaishia kwenye IC inayodhibiti mkondo, nayo inachemka mpaka ife. Bora kutoa kipande kutoka balbu nyingine iliyokufa, ilimradi umekipima na volti zake ni sawa.

Na ukiwa umeshaifungua, angalia pembeni ya hiyo IC. Mara nyingi kuna rizista mbili ndogo zilizo sambamba zinazopanga mkondo. Ukitoa moja, mkondo unapungua, mwanga unashuka, na joto lililoiua ile LED ya kwanza linapungua sana. Watengenezaji wengi huzisukuma LED karibu na kikomo chake. Mimi huchagua balbu yenye mwanga hafifu kidogo inayodumu.

Rizista ya LED kwenye betri ya sola

Kanuni ni kutoa volti ya LED kwenye volti ya chanzo, kisha kugawanya kwa mkondo. LED nyeupe tatu kwa mfululizo, kila moja ikichukua volti 3.2 kwenye mkondo wake kamili, zinakula 9.6. Kwenye betri ya volti 12 zinabaki 2.4, ukigawanya kwa ampia 0.02 unapata omu 120. Hesabu ni sahihi na taa zitakufa. Betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa mchana hufika 14.4, na hapo zinabaki 4.8, yaani miliampia 40 kwenye omu zilezile 120. Mara mbili ya zilivyopangiwa.

Piga hesabu kwa 14.4: 4.8 gawanya kwa 0.02 ni omu 240, chukua 270. Betri ikiwa imejaa utapata miliampia 18 hivi, ikiwa kwenye 12 utapata 9. Usiku mwanga utapungua kidogo, lakini taa utakuwa nazo mwaka ujao.

Diodi zilizofichwa nyuma ya paneli

Fungua kisanduku cheusi nyuma ya paneli ya seli 36, ile ya kuchaji betri ya volti 12, na mara nyingi utakuta diodi mbili za Schottky. Kila moja inalinda seli 18, ili kivuli kikiangukia upande mmoja mkondo upite pembeni. Ikishoti, inazima nusu ya paneli.

Chomoa paneli kwenye kidhibiti chaji, iweke juani, na upime volti za mkondo mnyoofu juu ya kila diodi. Ziwe 10 au 11 kila moja, jumla 21 au 22. Moja ikisoma sifuri, ikate mguu mmoja, upime tena: volti zikirudi, diodi ndiyo mbovu, zisiporudi, tatizo liko kwenye seli au viungo. Kwa kipimo cha diodi lazima paneli ifunikwe kabisa au ilazwe uso chini, la sivyo volti za jua zitaivuruga mita.

Kuchagua mbadala

Volti iwe sawa au zaidi, ampia iwe sawa au zaidi. Hivyo 1N4007 ya volti 1000 inaweza kukaa mahali pa 1N4001 ya volti 50, lakini si kinyume chake. Hayo mawili kila muuzaji wa Kariakoo au barabara ya Luthuli atakuambia. La tatu ni kasi. Ndani ya chaja ya kisasa umeme unakatwa na kuwashwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na 1N4007 ni nzito kufunga. Inabaki wazi kinyume kwa muda mfupi kila mzunguko na kuchemka. Pale palipokuwa na FR107 au UF4007, ambazo ni diodi za kufunga haraka, weka ya namna hiyo. Palipokuwa na Schottky, weka Schottky, ukikumbuka kwamba 1N5819 inaishia volti 40 na haifai kabisa upande wa umeme wa ukutani.

Ukishabadilisha, usichomeke kifaa moja kwa moja ukutani. Kipitishie balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto. Ya LED haifai kwa kazi hii. Balbu ikimulika mara moja kisha ikafifia, kapasita imejaa na kifaa kinaanza kazi. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna shoti: zima, mwaga kapasita, rudi kwenye mosfeti.